Nyembe tatu za kukunja za kale: mihuri yasema ni za miaka gani, na nichukue upi?

Mwana wa Kibokoni
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Muuzaji mmoja wa vitu vya kale hapa Mji wa Kale, Mombasa, ameniwekea nyembe tatu za kukunja mpaka Ijumaa, nami uwezo wangu ni wa kununua mmoja tu. Wa kwanza una muhuri wa Wade & Butcher, Sheffield, mji wa Uingereza; wa pili una alama ya mapacha ya J. A. Henckels, Solingen, mji wa Ujerumani; wa tatu ni Joseph Rodgers & Sons, wenye taji na herufi mbili. Upi ni wa kale zaidi?

Fundi Kinoo
Wa aleikum salaam. Ndugu yangu, umetutajia majina ukaacha yale yatoayo tarehe. Herufi hizo ni zipi? Upande wa pili wa shina, pale wembe unapobanwa na ribiti ya mpini, pameandikwa nini? Je, jina la nchi lipo? Mipini ni ya nini? Na wataka kunyolea au kuweka kabatini? Jina la mtengenezaji peke yake halikufikishi mbali, kwani alama ya mapacha iliandikishwa Solingen mwaka 1731, na nyota na msalaba wa Rodgers asili yake ni 1682, na zote mbili ziliendelea kupigwa hadi karne ya 20.

Bi Maua wa Makadara
Anzia kwenye herufi. V R chini ya taji ni enzi ya Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. W R ni ya Mfalme William wa Nne, 1830 hadi 1837. G R ndiyo ya kuchunga, maana wafalme walioitwa George walitawala kabla ya 1830 na tena kuanzia 1910. Ukikutana nayo, acha muhuri utazame umbo: wembe wa mwanzoni mwa karne ya 19 ni mnene kama kabari na mkia wake ni mfupi, ilhali ule uliochimbwa ubavuni ukawa mwembamba ni wa baadaye.

Mwana wa Kibokoni
Ahsante, Bi Maua. Herufi ni V R. Huo wa Henckels umeandikwa Germany, lakini wa Butcher una Sheffield tu, bila jina la nchi. Mpini wa Rodgers ni mweupe wenye mistari, na muuzaji anasema ni pembe ya ndovu.

Mzee Bandari
Basi wa Butcher ni wa kabla ya 1891. Sheria ya ushuru ya McKinley ya mwaka 1890 ililazimisha kila bidhaa iingiayo Marekani iandikwe nchi ilikotoka. Chukua huo.

Fundi Kinoo
Kwa heshima, Mzee wangu, sheria hiyo ilikuwa ya Marekani. Wembe wa Sheffield uliouzwa London, au ulioteremshwa Bandari ya Kale, haukulazimika kuandikwa England hata baada ya mwaka huo. Neno likiwapo, ni dalili nzuri kwamba wembe si wa kale sana. Lisipokuwapo, halithibitishi kitu.

Mzee Bandari
Lakini soko kubwa la akina Butcher lilikuwa Marekani, na watu wa meli walikuja na nyembe zao. Sioni sababu ya kubadili kauli.

Kinyozi wa Bondeni
Kabla hamjaendelea na miaka, tazameni hali ya chuma. Nilikuwa na wembe wa Sheffield wenye kutu kidogo shinani, nikampelekea fundi mmoja ausafishe. Aliuweka kwenye mashine ya kusugulia hadi ukang'aa kama kioo, na maandishi yakafutika, zikabaki herufi za mwisho za jina la mji. Ubaya haukuishia hapo. Karibu na makali palikuwa na doa la buluu, maana moto wa mashine ulikuwa umelegeza chuma. Niliunoa kwa kinoo, nikaupitisha kwenye ngozi, ukakata nywele za mkono. Lakini ulipogusa ndevu makali yakalala. Wembe unaong'aa mno huku muhuri wake umefifia, uacheni.

Bi Maua wa Makadara
Nami narudi kwenye mpini. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kuwa na pembe ya ndovu bila kibali, kwa hiyo maneno ya muuzaji yasikufurahishe. Mistari ikiwa imenyooka na kulingana kote, yaelekea ni seluloidi, aina ya plastiki ya kale iliyoanza kuuzwa miaka ya 1870. Usugue kwa kidole hadi upate joto: ukinuka kafuri, ni seluloidi. Hata hivyo mipini hubadilishwa, kwa hiyo umri wa mpini si lazima uwe umri wa wembe.

Mwana wa Kibokoni
Nitakwenda kesho na kioo cha kukuzia. Nia yangu ni kunyolea.

Fundi Kinoo
Ungelisema hivyo mapema! Chukua Henckels, bora makali yasiwe na pengo.

Mzee Bandari
Butcher mnene hunyoa ndevu ngumu vizuri kuliko huo. Tuletee picha ya shina, pande zote mbili, pamoja na bei.