Mwogezi kajiandaa vizuri halafu kaharibu mbele ya wazee, hii hutokeaje?

Mtoto wa Mityana
Habari zenu jamani, hasa nyinyi mnaosimamia sherehe. Wikendi iliyopita tulikuwa kwanjula ya rafiki yetu huku Mityana, Uganda, ile sherehe ya Baganda ya kijana kutambulishwa kwa wakwe, na binamu yangu ndio alikuwa mwogezi, yani msemaji, wa upande wetu, upande wa kijana. Huyu binamu alijiandaa mpaka basi. Alienda kwa mzee mmoja akafundishwa mtiririko wote, nani anasalimia kwanza, zawadi zinaingia saa ngapi, ssenga (shangazi) anaitwa lini, akaandika majina ya pande zote mbili mpaka mababu, usiku unamsikia chumbani anajiuliza maswali anajijibu mwenyewe.

Siku ikafika, mahema mawili yameangaliana, kina mama na magomesi yao, sisi na kanzu jasho linatiririka, jamaa akasimama sauti safi, watu wanacheka pale anapotaka wacheke. Akaanza kumtambulisha kijana wetu kwa wakwe. Jina la baba na la babu alikuwa nayo kichwani, ila kwenye ukoo akatupa jicho karatasini akasema kwa sauti kubwa: ukoo wake ni NKIMA.

Sasa Nkima ni ukoo wa bibi harusi. Kijana wetu ni Ngeye. Kwa msiotoka Buganda, watu wa ukoo mmoja hawaoani, hao ni ndugu, kwa hiyo alichotangaza pale ni kwamba tumekuja kuoa dada yetu. Kelele zikaanza, mzee mmoja wa upande wa wakwe akashika fimbo akasimama, na binamu hana habari, anaendelea tu na sifa za kijana, anataja mpaka digrii. Bahati mwogezi wa upande wa pili alikuwa mjanja, akaigeuza ikawa utani akatupiga faini ya mbuzi, ndio watu wakacheka wakakaa.

Baadaye tukaangalia karatasi zake. Mbili, ya kwetu na ya kwao, zimechapwa sawasawa, herufi zilezile, mpangilio uleule. Zilipishana mkononi basi.

Mjomba anasema hakujiandaa huyo. Mimi nakataa maana nilimwona. Ameombwa tena kwa sherehe nyingine Masaka mwezi ujao na kakataa, hata simu hapokei. Naomba kuelewa, mtu anakosea vipi baada ya maandalizi yote hayo, na tumsaidieje?

Emsii wa Ntinda
Pole kwake. Mwambie mjomba maandalizi ndiyo yaliyomponza, siyo kukosa maandalizi. Hebu angalieni Oscar za 2017, nadhani wengi mliona ile klipu. Kazi ya bahasha za majina ya washindi ilikuwa ya PricewaterhouseCoopers, wahasibu wakubwa, waliifanya zaidi ya miaka 80. Na walikuwa makini kupita kiasi, wakatengeneza seti mbili kamili za bahasha, moja kila upande wa jukwaa, ili mtoa tuzo akitokea upande wowote akute yake. Umeona hapo? Emma Stone akatangazwa mwigizaji bora wa kike kwa bahasha ya upande mmoja, ile pacha yake ikabaki upande wa pili, na ndiyo Warren Beatty akakabidhiwa apande nayo kutangaza filamu bora. Mzee akafungua, akasita, akaangalia tena ndani ya bahasha kama kuna karatasi nyingine, akampa Faye Dunaway aone, mama naye akaona jina La La Land limeandikwa chini ya jina la Emma Stone akalisoma. Watu wakapanda wakashika tuzo wakaanza kushukuru mama zao, kumbe mshindi ni Moonlight.

Yani bila ile seti ya pili, ya usalama, kosa lile lisingetokea. Binamu yako ni hivyohivyo, hizo karatasi mbili alizitengeneza kwa bidii na bidii ndiyo ikazifanya zifanane.

Na mwaka 2015 Steve Harvey kwenye Miss Universe, akamtangaza Colombia, taji likavalishwa kabisa, akarudi kuomba radhi kwamba mshindi ni wa Ufilipino. Ile kadi tafuteni picha yake, jina la mshindi limekaa peke yake kule chini pembeni. Mtu ana taa machoni, mkono unatetemeka, halafu unampangia kadi kama risiti ya supamaketi. Mimi sherehe zangu kadi ya upande wa kijana ni ya manjano, ya binti nyeupe, herufi kubwa, na ukoo naandika juu kabisa kabla ya jina la mtu yeyote.

Sista wa Wodi
Emsii umesema kweli ila rangi peke yake haitoshi, utafika siku umeshika ya manjano na umeandika vibaya tangu nyumbani. Mimi ni nesi Mbarara. Thieta, chumba cha upasuaji, tunatumia ile orodha ya WHO iliyotoka 2008, mambo 19, na baadhi yake ukisikia unaweza kucheka: kabla ya kukata timu nzima inasimama, kila mtu anajitambulisha, mgonjwa huyu ni nani, anafanyiwa nini, sehemu gani ya mwili. Daktari bingwa na uzoefu wake wote anauliza jina la mgonjwa aliyeongea naye asubuhi! Haimaanishi ni mjinga. Ni kwa sababu yule anayekosea ndio wa mwisho kujua, kwake yeye kila kitu kinaenda sawa, si umeona binamu alivyoendelea na digrii?

Swali langu kwako Mtoto wa Mityana, nyinyi mliokaa naye hema moja mlikuwa wapi? Mlisikia Nkima wote. Nani alifungua mdomo?

Bonde la Sebei
Nyie mnaongea karatasi tu kuna makosa mengine hayana karatasi. Machi 2017 nilikuwa Kololo, Kampala, mashindano ya dunia ya mbio za nyika, uwanja umejaa, Joshua Cheptegei, mkimbiaji wetu wa Uganda, anaongoza mbele ya watu wa nyumbani, tunapiga kelele dhahabu ni yetu. Mzunguko wa mwisho miguu ikakataa. Ukiangalia unaona mwili umeisha kabisa, anayumba, watu wanampita mmoja mmoja mpaka akamaliza wa 30, Kamworor wa Kenya akachukua. Mtu alikuwa amejiandaa, alikimbia haraka mno mapema, basi, na kelele zetu sisi nazo zilichangia nakwambia.

Mwaka huohuo Agosti akachukua medali ya fedha ya mita 10,000 London. 2019 akarudi kwenye nyika ileile, Aarhus kule Denmark, akashinda. 2020 rekodi mbili za dunia, mita 5,000 kwa 12:35.36 Monaco na mita 10,000 kwa 26:11.00 Valencia. Kama angekataa kupokea simu baada ya Kololo tungekuwa na nini leo? Binamu aende Masaka.

Mzee wa Kazi
Aende lakini kwanza aache kusoma. Mwogezi anasoma karatasi?? Zamani hakuna hiyo. Mugabe 2015 alifungua bunge akasoma hotuba nzima aliyokwisha kuisoma mwezi uliopita, karatasi zilichanganywa ofisini. Hotuba yote! Ukishazoea kusoma, macho yanasoma na kichwa kimeenda sokoni.

Sista wa Wodi
Mzee wa Kazi mfano wako mwenyewe unanisaidia mimi. Bunge zima limekaa pale, na hotuba ikafika mwisho.

Mtoto wa Mityana
Asanteni sana, nimemsomea binamu yote kwa mlango maana bado hafungui, ile ya bahasha pacha nilimsikia anacheka. Sista swali lako limenichoma. Ukweli tulisikia, tulikuwa kama kumi hivi mstari wa mbele, kila mtu akamwangalia mwenzake. Unajua ilivyo, mwogezi akisimama humkatizi, wakwe wataona upande wetu hauna adabu, na kuna wazee waliotuzidi umri palepale nao wamenyamaza, sasa mimi kijana nianzie wapi. Kwa hiyo kadi za rangi sawa, ukoo juu sawa, lakini Masaka nani atakuwa na ruhusa ya kumkatiza mbele ya watu wote?

Emsii wa Ntinda
Mpeni ssenga wa kijana. Akae kiti cha kwanza na nakala ya kadi ya manjano, akisikia kosa akohoe, binamu asipogeuka asimame. Ssenga akisimama hakuna mzee wa hema lolote atakayemwambia kaa.