Lango la barua pepe linaganda kila mara: niongeze RAM, niondoe ClamAV au nihamie klaudi?

Fundi wa Mkunazini
Assalaam alaykum jamani. Kuna hoteli moja Paje naihudumia, barua pepe zao zote zinapita kwanza kwenye seva ya Proxmox Mail Gateway (lango la kuchuja spamu na virusi) ndipo zifike kwenye masanduku ya wafanyakazi. RAM ni GB 2, diski ni ile ya kuzunguka. Tatizo inaganda. Skrini inawaka, maandishi yapo, ukibonyeza kitufe hakuna kitu, mpaka uizime kwa nguvu. Maombi ya wageni yanachelewa na hawa watu riziki yao ndiyo hiyo. Naona njia tatu: ninunue RAM, niondoe ClamAV (antivairasi yake) nibaki na kichujio cha spamu tu, au tuachane na mashine tulipie huduma ya klaudi. Mwenye uzoefu anishauri.

Chake Mtandaoni
Waalaykum salaam kaka. Usitoe pesa bado. Ikiganda tena, ipige pingi (iite kwa mtandao uone kama inajibu) kutoka kompyuta nyengine. Ikijibu huku SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) haiingii, kerneli, yaani kiini cha mfumo, iko hai, programu ndizo zilizokwama zikisubiri memori au diski. Isipojibu kabisa, shuku vifaa: pawasaplai, joto, RAM mbovu. Ukishaiwasha andika `journalctl -k -b -1` usome mistari ya mwisho. Ukikuta "Out of memory", memori imekwisha. Ukikuta "blocked for more than 120 seconds", kuna kazi inaisubiri diski, ama diski imechoka ama imezidiwa na swapu (sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa).

Fundi wa Mkunazini
Ahsante. Pingi inajibu. Logi inasema Out of memory na aliyeuliwa ni clamd, programu ya ClamAV inayokagua barua. Diski nimeipima kwa smartctl, haina sekta mbovu.

Dada wa Seva
Basi mwizi umeshamkamata. Saini za ClamAV (alama za kutambulia virusi) zikishapakiwa zinakula zaidi ya GB 1 peke yake. Na tangu toleo la 0.103 la mwaka 2020, saini mpya zikiingia clamd inapakia seti mpya huku ya zamani ikiendelea na kazi, kwa hiyo kwa muda inataka karibu mara mbili. Freshclam, programu inayozileta, kwa kawaida huulizia saini mpya mara 12 kwa siku, zikipatikana tu, shida inaanza. Ndiyo maana mashine inakaa vizuri, kisha ghafla inazama kwenye swapu, na swapu ya diski ya kuzunguka ni balaa.

Mie ningenunua RAM. Proxmox wenyewe wanashauri angalau GB 4. Kuondoa antivairasi siungi mkono hata kidogo, kaka. Mtu wa mapokezi kutwa anafungua ankara na nakala za pasipoti kutoka kwa watu asiowajua. Hapo ndipo virusi vinapoingilia.

Chake Mtandaoni
Dada kasema kweli, ila ipo njia ya nne na haina gharama: `ConcurrentDatabaseReload no` kwenye mipangilio ya clamd. Seti ya zamani inatolewa kwanza, mpya inapakiwa baadaye. Wakati huo ukaguzi unasimama kidogo, barua zinachelewa tu, hazipotei. Usihariri /etc/clamav/clamd.conf moja kwa moja, Proxmox itakufutia. Nakili clamd.conf.in kutoka /var/lib/pmg/templates uiweke /etc/pmg/templates, ihariri huko, halafu `pmgconfig sync --restart 1`.

Mkaazi wa Wete
Na klaudi msiibeze. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima mtandao ulikuwa wa kusuasua. Lango likiwa nje, barua zinapokelewa na kukusubiri huko. Likiwa hapa nayo si msiba, maana seva inayotuma inapaswa kujaribu tena kwa siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa. Kinachonitia wasiwasi ni malipo: kila sanduku, kila mwezi, kwa dola. Hoteli yenye masanduku machache na isiyo na fundi karibu, klaudi inafaa. Yenye masanduku mengi na fundi kama wewe, sioni sababu.

Dada wa Seva
Kuna watakaokwambia hamia Rspamd, kichujio kingine cha spamu, imeandikwa kwa lugha ya C na ni nyepesi kuliko SpamAssassin, kichujio ulichonacho sasa. Kweli, lakini Proxmox haiji nayo, itabidi ujenge upya kila kitu. Na mlaji wako ni ClamAV, si SpamAssassin.

Fundi wa Mkunazini
Nimeelewa. Leo naweka hiyo `no` ili wapumue, kisha naomba RAM ifike GB 8. Mashine ni ya DDR3 (aina ya zamani ya RAM), madukani Darajani naona zilizotumika tu. Zinafaa?

Chake Mtandaoni
Zinafaa, ila ukishaichomeka iendeshe memtest86+ (programu ya kupima RAM) usiku mzima kabla hujairudisha kazini. Kosa hata moja, irudishe dukani. Na kwa hewa ya chumvi ya Paje, meno ya RAM hushika kutu: yasugue taratibu kwa raba safi ya kufutia penseli, pangusa vumbi lake, ndipo uingize. RAM mpya kwenye tundu chafu itakugandia vile vile, na safari hiyo pingi haitajibu.