Neno "baba" lilishawahi kukuponza ugenini? Tupeane uzoefu

Mzee wa Vijiweni: Wakuu habari za jioni. Leo kwenye daladala dada mmoja anambembeleza mwanae wa kiume, "nyamaza baba, nyamaza baba yangu", nikakumbuka mbali sana. Nimesoma Urusi, kule baba ni mwanamke, tena si kwa heshima, ni lugha ya vijiweni. Sasa kila Jumapili mzee akinipigia ndo kazi yangu, "ndiyo baba, sawa baba, hela imeisha baba". Jamaa niliyekuwa nalala naye chumba kimoja akasambaza hosteli nzima kwamba nina mwanamke ananilea. Miezi minne naonekana marioo!! Nyie yamewakuta yapi?

Toto la Kitanga: Marioo wa babaake mzazi 😂😂 nimecheka mpaka bosi kageuka

Chapati Moja: Afadhali wewe. Mimi niko Georgia, Tbilisi. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba nikamwamkia kwa adabu zangu zote, mama hivi, mama vile. Kumbe Kijojia "mama" ndo baba! Mama wanamwita "deda". Bibi wa watu akajishika kidevu kama anatafuta ndevu.

Kiroboto: Bulgaria baba ni bibi, Hungary baba ni kichanga au mdoli. Mwanaume huna pa kukimbilia.

Mjuzi Asiyejulikana: Tuache utani, hilo neno lenyewe ni Kiarabu, Waswahili tumeazima kila kitu

Nyuki Mkali: Kila kitu Kiarabu, kila kitu Kiarabu, mnachosha. Kiarabu cha vitabuni baba ni "ab", hiyo baba wanaitumia majumbani tu. Washona wanasema baba, Wazulu ubaba, Wayoruba baba, Waturuki baba, Wachina nao hivyohivyo, wote waliazima wapi? Mmarekani Murdock alikusanya maneno 1,072 ya kuitia mama na baba toka lugha kibao, upande wa mama zikajaa m na n, upande wa baba zikajaa p, b, t na d. Mtaalamu wa lugha Jakobson akaja kueleza kwamba mtoto akiwa na titi mdomoni mlio anaoweza kuutoa ni wa puani tu, mmm, basi anayenyonyesha ndo anapata jina hilo. Si mambo ya kuazima, ni midomo ya watoto na wazazi kujipendekeza wakidhani wameitwa.

Chapati Moja: Sasa hao wa Georgia walinyonya kwa baba?

Nyuki Mkali: Kila kanuni ina wakorofi wake, usiniharibie.

Wa Kigali: Kwetu baba yangu ni "data", baba yako ni "so". Nilivyofika Dar muuza vocha ananiambia "data zimekwisha" nikampa pole ya msiba

Mama Wawili: Msiba... hapo umenigusa. Nilikuwa Muscat, kazi za ndani. Kule mwenye nyumba unamwita baba, mkewe mama, hata kama umewazidi umri, na mimi yule kaka nilikuwa nimemzidi. Sasa asubuhi moja nipo jikoni dada akapiga simu kutoka Muheza, baba hatunaye. Nikatoka mbio sebuleni nalia, Kiarabu changu cha kuokoteza, nikamwambia mama "baba maat, baba maat". Yule mwanamke alipiga ukelele sijawahi kuusikia, akaangusha glasi, watoto wakaanza kulia, anapiga simu ya mumewe haipokelewi, ndo akaamini kabisa, akakaa chini. Mimi nalia nadhani ananililia mimi, nikawaza kumbe ana roho nzuri hivi. Aliyetuokoa ni bibi wa ile nyumba, alizaliwa Unguja, akatoka chumbani na mkongojo wake akauliza kwa Kiswahili, "baba gani mwanangu, wako au wetu?" Nikasema wangu. Akawageukia akawaeleza, na wote wakashusha pumzi, wengine wakacheka. Walifurahi jamani. Yule bibi peke yake ndo alikaa na mimi sakafuni jikoni mpaka adhuhuri. Kuzika sikwenda. Na yule kaka sikumwita tena baba, nikawa namwita Abu na jina la mwanae.

Toto la Kitanga: Dah. "Wako au wetu". Pole sana da'mkubwa

Mjuzi Asiyejulikana: Pole dada. Ila ungesema "abuyi", baba yangu, wangekuelewa

Nyuki Mkali: Mtu kafiwa wewe unasahihisha sarufi!! Huna haya?

Kiroboto: Ushauri wangu, ukivuka mpaka sema "mzee" tu.

Mzee wa Vijiweni: Ukimwita mzee ananyima hela, bora niitwe marioo. @Mama Wawili yule bibi bado yupo?

Mama Wawili: Alikuwa akinipigia kila Idi. Mwaka juzi simu haikuja.