Kuhuisha usajili wa alama ya biashara: nembo na mmiliki vimebadilika, nianzie wapi?

Chapa Kazi aliuliza:

Wakuu, naomba mwongozo. Alama iliombwa Machi 2016, cheti kikatoka Februari 2017. Ni neno lililo ndani ya mchoro, madaraja (makundi ya bidhaa na huduma) matatu: 30 (chai na kahawa), 32 (maji na juisi) na 35 (uuzaji). Daraja la 32 halijawahi kutumika. Kwenye cheti mmiliki ni mtu binafsi, lakini biashara sasa inaendeshwa na kampuni. Neno ni lilelile, mchoro ni mwingine kabisa. Miaka 10 ya usajili inahesabiwa tangu lini? Ule muda wa ziada wa miezi 6 baada ya ukomo mtu anaweza kuutegemea? Halafu kuna barua pepe inayodai malipo ya kuhuisha, nilipe?

Karani wa Daftari:

Mkuu, tuanze na tarehe, maana hapo ndipo alama nyingi hupotelea. Nchi hazihesabu sawa. Umoja wa Ulaya, Uingereza na Australia huanza siku maombi yalipowasilishwa. Marekani, China na Japani huanza siku ya usajili. Kwa tarehe zako, njia ya kwanza inakupa ukomo wa Machi 2026, ya pili Februari 2027. Usikisie. Ingia kwenye daftari la msajili mtandaoni, tafuta namba ya alama, soma tarehe ya ukomo iliyoandikwa pale.

Wala miaka 10 si kanuni ya dunia nzima. Mkataba wa TRIPS (wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki) unadai isipungue miaka 7. Tanzania Bara na Uganda hutoa 7 ya mwanzo, kisha 10 kila unapohuisha. Kanada ilikuwa ikitoa 15 mpaka sheria ilipobadilika tarehe 17 Juni 2019, sasa ni 10.

Muda wa ziada upo kweli. Ibara ya 5bis ya Mkataba wa Paris (wa kimataifa kuhusu alama za biashara na hataza) inazitaka nchi wanachama kutoa miezi isiyopungua 6 ya kulipa ada, na nchi inaruhusiwa kutoza nyongeza. Usiufanye ndiyo mpango wako, lakini. Katika miezi hiyo daftari linaweza kuonyesha kwamba muda umekwisha, na yeyote anayekagua (mnunuzi wa biashara, mkopeshaji, duka la mtandaoni) ataliona hilo. Kubwa zaidi, ukikosea jina au ukilipa pungufu, huna siku za kusahihisha. Dirisha la kawaida hufunguliwa miezi 6 kabla ya ukomo Ulaya, Uingereza na Japani. Marekani na China ni miezi 12. Wasilisha dirisha likifunguliwa.

Barua pepe hiyo usiilipe mpaka uithibitishe. Daftari ni la wazi, kwa hiyo yeyote anaweza kunakili picha ya alama yako, namba na tarehe, akatengeneza ankara inayofanana na ya serikali. Soma maandishi madogo: mara nyingi kinachouzwa ni kuorodheshwa kwenye kitabu cha mtu binafsi, au huduma ya kuhuisha kwa bei ya kuruka. Lipa kupitia tovuti ya msajili mwenyewe au wakala uliyemteua kwa hati.

Bi Hati:

Nakazia upande wa mmiliki, kwa sababu wengi huchanganya mambo mawili. Mtu kubadili jina ni marekebisho tu. Alama kutoka kwa mtu binafsi kwenda kwa kampuni ni uhamisho, hata kama kampuni ni ya mtu huyohuyo, maana kisheria ni watu wawili. Panahitajika hati ya uhamisho yenye namba ya usajili, madaraja yanayohama, kauli kama sifa njema ya biashara inahama pamoja na alama, tarehe na sahihi. Kisha hati hiyo iingizwe kwenye daftari.

Kama hati haijasainiwa na ukomo uko karibu, huisha kwanza kwa jina lililopo, uhamisho ufuate. Uandikishaji wa uhamisho unaweza kuchukua miezi. Kama hati imeshasainiwa, mmiliki ni kampuni, na hapo uwe makini: Marekani, tamko la matumizi (kauli rasmi kwamba alama bado inatumika) likiwasilishwa na asiye mmiliki ni batili, na muda wa ziada ukishapita kosa hilo halirekebishiki.

Kuhusu daraja la 32: unaruhusiwa kuhuisha baadhi ya madaraja na kuacha mengine, na ada hupungua pale inapotozwa kwa daraja. Kuongeza bidhaa wakati wa kuhuisha hairuhusiwi. Ulichoacha kitarudi kwa maombi mapya tu.

Mdadisi wa Nembo:

Swali dogo. Kwa nini asiombe upya kwa mchoro mpya, hii ya zamani aiache ife? Ada mbili za nini?

Karani wa Daftari:

Kwa sababu ya foleni. Usajili wake umeshika nafasi tangu Machi 2016. Aliyeomba alama inayofanana mwaka 2019 yuko nyuma yake. Akiiacha ife na kuomba upya leo, huyo wa 2019 anakuwa mbele, na ndiye atakayempinga yeye. Ada ya kuhuisha inanunua nafasi hiyo, ambayo maombi mapya hayawezi kuirudisha.

Ila Mdadisi ana hoja kwa upande mmoja: kuhuisha hakubadilishi picha iliyosajiliwa. Mchoro mpya hauingii kwa mlango huo. Ibara ya 5C(2) ya Mkataba wa Paris inasema kutumia alama kwa umbo linalotofautiana kidogo hakuiui, mradi tofauti haigusi kile kinachoitambulisha. Kwa hiyo jiulize mteja anashika nini. Kama ni neno, na mchoro ni pambo, una hoja nzuri kwamba matumizi ya leo yanaubeba usajili wa zamani. Kama mchoro ndio roho ya alama, hoja hiyo haisimami.

Ningefanya hivi: huisha ya 2016, kisha omba neno peke yake kwa herufi za kawaida, bila rangi wala mchoro. Usajili wa neno hautikiswi kila mbunifu anapogusa nembo. Mchoro mpya uombe bajeti ikiruhusu. Ya zamani usiiachie mpaka mpya zimekwisha kusajiliwa na umeridhika kwamba hakuna aliyeingia katikati.

Bi Hati:

Mengine mafupi ambayo husahaulika.

Kuhuisha hakukulindi dhidi ya kutotumia. China na Japani alama isiyotumika miaka 3 mfululizo inaweza kufutwa, Ulaya na Uingereza ni miaka 5. Weka ankara zenye tarehe, picha za vifungashio na kurasa za tovuti, kwa kila daraja peke yake. Ankara ya chai haithibitishi maji. Marekani wanadai tamko la matumizi lenye sampuli kati ya mwaka wa 5 na wa 6 baada ya usajili, kisha kila unapohuisha. Bidhaa ambayo haiuzwi huko iondoe kabla ya kuapa.

Kwa wenye usajili wa kimataifa wa Madrid (ombi moja linaloteua nchi nyingi): malipo moja kwa WIPO, shirika la haki miliki la Umoja wa Mataifa, huhuisha nchi zote ulizoteua kwa miaka 10, na ukichelewa unaongeza nusu ya ada ya msingi. Lile tamko la Marekani linabaki palepale, nalo hupelekwa moja kwa moja kwa ofisi yao. Na usajili wa nyumbani usife ndani ya miaka 5 ya mwanzo, kwa sababu ule wa kimataifa unaanguka nao.

Agizo la forodha la kuzuia bidhaa bandia nalo lina muda wake. Ulaya hudumu mwaka 1 kwa mara moja, hata kama alama ina miaka 10.

Baada ya kulipa, usiishie kwenye risiti. Rudi kwenye daftari mpaka uone tarehe mpya ya ukomo na madaraja yote uliyolipia. Likikosekana moja, andika barua siku hiyohiyo ukiambatanisha risiti, wakati muda wa ziada bado unahesabika.