Freddie Mercury: elimu ya usanifu ilimfaa nini katika Queen?

Mpita Shangani:
Ndugu zangu, salaam. Hivi karibuni nilizuru jumba la kumbukumbu la Freddie Mercury lililopo Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, lililofunguliwa mwaka 2019. Kwamba alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na kwamba baba yake alikuwa keshia wa Mahakama Kuu, hayo wengi tunayafahamu. Kilichonigusa mimi ni kwamba kabla ya kuwa mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, alisomea usanifu wa michoro. Je, elimu hiyo ilimfaa kweli, au aliiacha alipoanza kuimba?

Kinanda:
Ilimfaa sana, ndugu yangu. Familia yake iliondoka Zanzibar mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, ikahamia Feltham, magharibi mwa London, naye akahitimu katika chuo cha sanaa cha Ealing mwaka 1969. Itazame nembo ya Queen, ambayo aliichora yeye mwenyewe kwa kufuata nyota za wanabendi wote wanne: simba wawili ni John Deacon na Roger Taylor, kaa ni Brian May, na wale wasichana wawili wenye mabawa ni yeye, kwa kuwa nyota yake ni Mashuke. Katikati ipo herufi Q yenye taji ndani yake, na juu ya vyote finiksi, yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka majivuni, ametandaza mbawa. Kwa maoni yangu, kijana aliyechora hivyo wakati bendi haijatoa hata albamu moja alikwisha kuiona bendi hiyo ikiwa kubwa.

Mama Zeze:
Nakubaliana na Kinanda, ila tusiusahau muziki wenyewe. Piano alijifunza utotoni katika shule ya bweni ya Panchgani, India, alikopelekwa akiwa na umri wa miaka minane hivi, na huko huko akapiga katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Sikilizeni "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975, wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio. Ile sehemu ya opera, inayosikika kama kwaya ya watu wengi, ni sauti za watu watatu tu, yaani Mercury, May na Taylor, zilizorekodiwa moja juu ya nyingine kwa siku nyingi, hadi utepe ukachakaa kwa kupitishwa mara kwa mara kwenye mashine. Hata hivyo nakiri kwamba kupanga sauti tabaka juu ya tabaka namna hiyo kunafanana na kazi ya mchoraji anayerudia rangi.

Mpita Shangani:
Ahsante sana, Mama. Na jukwaani je?

Kinanda:
Huko ndiko jicho la msanifu linakoonekana zaidi. Tarehe 13 Julai 1985, uwanjani Wembley, katika tamasha la hisani la Live Aid, Queen walipewa dakika 20 hivi mbele ya watu wapatao 72,000, tena mchana, wakati taa za jukwaani hazisaidii kitu. Alivaa fulana nyeupe isiyo na mikono na suruali ya jinzi ya rangi nyepesi, akashika ile nusu ya fimbo ya maikrofoni, na umbo lake likatambulika hata kwa aliyekaa mbali kabisa. Alipotoa sauti, uwanja mzima ukamwitikia.

Mama Zeze:
Nami niongeze jambo linaloniuma kila nikilikumbuka. Video yake ya mwisho na Queen ilipigwa Mei 1991, akiwa amedhoofishwa mno na UKIMWI, na ikatolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe ili hali yake isionekane waziwazi. Alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huo, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu ugonjwa wake, akiwa na umri wa miaka 45. Katika video hiyo amevaa kizibao kilichochorwa paka wake, anasimama karibu bila kusogea, kisha anaitazama kamera na kuyanong'ona maneno ya mwisho ya wimbo.