Wakuu, rafiki yangu kanipa mashine ya boti bure. Niipokee?

MwanaMakorora:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mvuvi hapa Tanga, diko langu, yaani tunaposhushia samaki, ni Deep Sea. Nina rafiki tumekua naye tangu madrasa, na tumevua chombo kimoja miaka mingi. Juzi magharibi kaniletea mashine yake ya boti kwenye mkokoteni, HP 15, nzima kabisa, akaniambia, "Hii yako." Bei hataki hata kuisikia. Kaiosha kwa maji ya bomba, plagi mbili za akiba kazifunga kwenye kipande cha kanga, na kanielekeza namna ya kuiwasha ikikataa asubuhi. Shida yangu ni ndugu zake. Kesho wakisema nimemdhulumu nitajitetea vipi? Tuandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa? Sina raha kabisa.

Nahodha wa Zamani:
Andikishaneni, tena mapema. Mimi nilipewa ngalawa kwa mdomo tu. Mwenyewe alipofariki watoto wake walinijia ufukweni na mgambo, nikaonekana mwizi mbele ya watu ninaowauzia samaki. Mashahidi, sahihi, muhuri wa serikali ya mtaa. Risiti kama ipo, ichukue.

Mtoto wa Kwaminchi:
Unapewa HP 15 halafu unakosa raha? Nipe mimi, hao ndugu waje kwangu 😂😂

Dada Usagara:
Mvuvi anagawaje mashine bure? Atakula nini? Anahama? Anaumwa? Kuna jambo hujalisema, kaka.

MwanaMakorora:
Dada, mambo yake ya ndani sikutaka kuyaleta hapa. Jarife lake, ule wavu mkubwa, lilipotea baharini, akakopa kwenye zile kausha damu za simu ili anunue jingine, rejesho likamshinda. Wakaanza kututumia meseji sisi wote tuliomo kwenye simu yake, kwamba ni tapeli. Mpaka mkwewe kaipata. Lakini swali langu ni la mashine.

Karani Mstaafu:
Hao wa mikopo ya simu ni janga. Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja hadharani programu 69 zinazokopesha bila leseni. Aangalie kama hiyo aliyokopa imo, na hizo meseji za matusi azihifadhi, asizifute. Mwanangu wa kiume naye walimwandama hivyohivyo, akawa simu ikiita anashtuka kama kapigwa.

Dada Usagara:
Nimeuliza kama anaumwa, umenijibu deni. Siku aliyokuletea mashine alikwambia nini hasa?

MwanaMakorora:
Alisema, "Nikiwa sipo, usiwaache wanangu."
Sasa wakuu, msinikimbilie. Kaniapisha nisimwambie mkewe wala kaka yake, na mimi kiapo sikivunji. Halali usiku, barazani haji tena, kwenye kahawa akiitwa anasingizia tumbo. Nimeshapanga: kesho kutwa nakwenda naye dago, kambi ya uvuvi. Barafu na petroli nimeshanunua. Mwanaume akikaa bure huwaza sana, akishika kazi atasahau. Hospitali sitaki, watamwita kichaa, mtaa mzima utajua.

Shehe wa Ngamiani:
Huu ni udhaifu wa imani. Wazee wetu walizama na vyombo, wakafiwa, wakafilisika, hawakulialia. Mwanaume kazi yake kubeba. Arudi msikitini.

Nahodha wa Zamani:
Shehe, nakuheshimu. Kaka yangu alikuwa safu ya mbele kila alfajiri. Kabla hajajiondoa duniani aligawa saa yake, akagawa baiskeli, akalipa na vijideni vya dukani. Sisi tukamsifu, tukasema jamaa kawa mkarimu. Nimejibu swali la karatasi pale juu kwa sababu sikusoma vizuri. MwanaMakorora, achana na karatasi.

Mzee wa Chai:
Chai hii, wakuu. Kusi la Julai linavyopiga, nani wa Deep Sea anakwenda dago? Uzi wa kutafutia wafuasi. Kesho ataomba mchango wa matibabu.

Mtoto wa Kwaminchi:
Aisee kweli, bahari imechafuka wiki nzima. Nilikuwa nishaanza kuumia roho.

MwanaMakorora:
Sikusema nakwenda nje ya visiwa. Tunakwenda Kwale, kule ndani, upepo haufiki sana. Mchango siombi, hata namba sijaweka. Usiponiamini pita, kaka, niachie walioniamini.

Nahodha wa Zamani:
Kwale watu hujificha kusi, hilo la kweli. Ila mtu wa hali hiyo usimtie chomboni usiku.

Dada Usagara:
Mimi ni nesi, chai au si chai najibu, maana yupo mwingine anasoma hapa na hatachangia.
Kutolala, kujitenga, kugawa vitu, kukabidhi watoto: zikija pamoja hizo ni dalili za hatari. Duniani wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, na wengi hawakumwambia mtu. Muulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Usiogope kwamba utamtia wazo, kuuliza hakumtii mtu wazo, humpa nafasi ya kusema. Asibaki peke yake. Kaka yake aambiwe leo, kiapo hicho hakikufungi. Kisha hospitali ya Bombo, wana huduma ya afya ya akili. Dawa wakimpa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo usimkatie tamaa siku ya nne. Na huko baharini mtakwenda, akiwa amelala usingizi na amekula.

Karani Mstaafu:
Hawatamkamata? Nasikia ni kosa.

Dada Usagara:
Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kujaribu kujiua. Kwenda kutibiwa mawazo si kosa.

MwanaMakorora:
Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi. Nilimkuta uani. Nikamuuliza vilevile alivyosema dada. Kanyamaza mpaka nikataka kubadilisha maneno, halafu akasema ndiyo, tangu mfungo. Alilia. Nikakaa naye tu, sikujua la kusema. Kaka yake nimemwita, amehamia pale usiku huu. Rafiki yangu kaninunia, kasema nimemuuza. Anune. Mashine nimemwambia ipo kwangu kama amana, petroli nayo ipo.
Asubuhi tunakwenda Bombo. Sijui pa kuanzia pale, na sitaki mtu wa mtaani kwetu atuone tunahangaika kituo cha daladala.

Dada Usagara:
Anzeni mapokezi ya wagonjwa wa nje. Aseme maneno yaleyale aliyokwambia wewe. Msije mkasema malaria.

Mtoto wa Kwaminchi:
Mkuu, mimi nina bajaji. Njoo inboksi unielekeze nyumba, saa kumi na mbili na nusu nipo mlangoni, nitashusha mapazia. Nauli sitaki.