Vipande vyeupe vya swichi za umeme: nitajuaje kama ni fedha?

Swali
Ndugu wanajukwaa, katika vyuma chakavu nilivyonunua kwa jumla nimepata vipande vidogo vyeupe vyenye uzito wa gramu 84, nilivyovibandua kwenye swichi kubwa za umeme, pamoja na kijiko chenye chapa ya EPNS. Sumaku haivuti chochote. Naomba kufahamu namna ya kuvipima kabla ya kuvipeleka kwa mnunuzi, ambaye bila shaka angependa nisijue kitu.

Jibu la kwanza
Kijiko kiweke kando: chapa hiyo huonyesha aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha juu juu tu. Sumaku nayo haithibitishi fedha, kwa kuwa shaba, risasi na aluminiamu pia hazivutwi. Weka bilauri ya maji kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha vining'inize vipande vyote kwa uzi mwembamba vizame bila kugusa kitako wala kingo, na uvitikise kidogo ili mapovu yabanduke. Gramu zitakazoongezeka ndizo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya 84 kwa namba hiyo: fedha safi hutoa 10.5, shaba karibu 9, risasi 11.3.

Muulizaji
Ahsante sana. Mizani imeongezeka gramu 8.2, yaani nimepata takriban 10.2.

Jibu la pili
Hesabu hiyo inatia moyo, ila mchanganyiko wa risasi na shaba unaweza kutoa namba hiyo hiyo. Chonga kipande kimoja kwa tupa hadi ndani, uyeyushe chengachenga chache katika tindikali ya naitriki, ukiwa nje na umevaa glavu na miwani, kwa sababu moshi wake wa kahawia ni sumu. Ongeza maji ya chumvi. Fedha hutoa mashapo meupe mazito yanayogeuka kijivu cha zambarau yakikaa kwenye mwanga. Ya risasi huyeyuka ukiyachemsha.

Jibu la tatu
Naongeza jambo moja lenye uzito kuliko bei. Fedha ya swichi za zamani mara nyingi ilichanganywa na oksaidi ya kadimiamu, ambayo vumbi na moshi wake ni sumu, na mchanganyiko huo una densiti inayokaribia hiyo uliyoipata. Kwa hiyo usichonge wala usiyeyushe kwa moto. Mwombe mnunuzi avipime kwa mashine ya eksirei mbele yako, kwani itaonyesha fedha na kadimiamu kwa pamoja.